Goti la Nyuma Linalojifunga: Mlima Ulivyomsaidia Farasi Wetu

Huku Njoro farasi akichechemea tu, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kumfungia bandani apumzike. Kwa magonjwa mengine ni sawa. Kwa goti linalojifunga, kupumzika ndiko kunakolizidisha.

Mimi ni saisi. Mtamba ninayemtunza alianza tatizo hili kiangazi, amekonda. Asubuhi akitoka bandani, mguu wa nyuma wa kushoto unabaki umenyooka kwa nyuma, haukunjiki, ncha ya kwato inaburura vumbi. Kisha unasikia "tak!", na anatembea kana kwamba hakuna kilichotokea. Jirani mmoja alitaka tumchome kwa chuma cha moto, kama wazee walivyokuwa wakifanya. Nikamwambia, "Mzee, ngoja kwanza daktari amwone."

Daktari wa mifugo alitoka Nakuru mjini, akapapasa goti, akamkunja miguu yote miwili ya nyuma, akamtazama akikimbia. Hakukuwa na uvimbe, wala maumivu kwenye kiungo cha chini yake. Alivyonieleza ni hivi: farasi hulala wima kwa sababu pia ya goti, yaani kile kifupa kidogo cha mbele ya goti, ina kano 3 mbele, na ile ya upande wa ndani huweza kunaswa juu ya nundu iliyo mwishoni mwa mfupa wa paja. Hapo mguu unajifunga wenyewe bila misuli kuchoka. Akitaka kuondoka, misuli ya paja huinyanyua pia ya goti hadi ikachomoka. Mtamba wetu hakuwa na misuli ya kuinyanyua, na miguu yake ya nyuma imenyooka mno tangu kuzaliwa. Kuikata kano hiyo kunawezekana, ila pia ya goti inaweza kuharibika baadaye, kwa hiyo tukaliacha liwe la mwisho.

Basi tukamtoa bandani, akashinda na kulala malishoni. Fundi wa kwato akapunguza ncha zilizorefuka na kusawazisha pande zote mbili. Chakula tuliongeza majani ya lusani na soya kidogo, maana misuli haijengwi kwa nyasi kavu peke yake.

Kazi kubwa ilikuwa mlima. Nilimshika kamba nikampandisha barabara ya murram inayoelekea Mau, hatua za kawaida, mwanzoni mwendo mfupi, nikiongeza kadiri alivyozidi kupata nguvu. Kushuka ni taratibu zaidi, kwa sababu hapo ndipo goti hupenda kunaswa. Kumzungusha kwenye duara dogo nilikataa kabisa, hata mama mwenye farasi aliponiuliza kama si ingekuwa rahisi zaidi. Matope mazito pia niliyakwepa. Goti likijifunga njiani, sivuti mbele: namsukuma kifuani arudi nyuma, na pia ya goti inachomoka.

Paja lilijaa kabla mvua ndefu hazijaisha, na watoto wakaanza kumpanda. Bado hunaswa mara moja moja, hasa mvua ikimlazimisha kulala bandani. Siku hizo namrudisha nyuma hatua chache mle ndani kabla sijamtoa mlangoni.