Jumapili ya mavuno: siku moja ya mwinjilisti wa mtaa

Watu wakisikia mimi ni mwinjilisti huniuliza kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi nafanya nini. Wanadhani kazi yetu ni ile nusu saa ya mimbarini. Ndiyo maana nimeamua kuandika Jumapili moja ya Julai, Jumapili ya mavuno, katika mtaa wetu wa KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, huku juu upande wa Marangu, mlimani Kilimanjaro. Kwa asiye Mlutheri: usharika una mchungaji, na usharika umegawanyika mitaa. Mtaa ndio wa mwinjilisti. Nahubiri, nafundisha watoto wanaojiandaa kuthibitishwa imani yao (kipaimara), natembelea wagonjwa, nazika. Meza ya Bwana anakuja kuihudumia mchungaji, naye ana mitaa mingine inayomngoja.

Saa kumi na moja alfajiri nafungua kanisa. Julai huku ni baridi na ukungu, kanga mbili hazitoshi. Jikoni nyuma ya kanisa moto ulishawaka. Akina mama wa jumuiya ya zamu, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja, walikesha wakimenya ndizi. Kuna sufuria ya ndizi nyama, ya wali, ya maharage, na kasufuria ka mtori, supu nzito ya ndizi, kwa wazee ambao meno yamewaishia. Nawasalimu, tunaomba pamoja, nakwenda kupiga kengele ya kwanza.

Saa moja mpaka saa tatu inapita kwa mambo madogo: kwaya mbili zote zinataka kuimba kabla ya hubiri, spika inakoroma, na matangazo yanaletwa kwenye vikaratasi mpaka mfuko wa joho umejaa.

Saa tatu ibada inaanza kwa tarumbeta. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na desturi ya Walutheri wa Kijerumani ya kumsifu Mungu kwa tarumbeta imekuwa yetu kabisa. Vijana wetu wanapuliza mpaka mabati yanaitika. Kisha mavuno yanaingia. Wengi wetu tuna kihamba hapa juu, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, na shamba la mahindi kule chini tambarare. Kwa hiyo madhabahuni unaona mlima wote: mikungu ya ndizi, magunia ya mahindi, maharage, mayai ndani ya majani makavu ya mgomba, kuku waliofungwa miguu. Mbuzi wanabaki nje.

Nilihubiri Kumbukumbu la Torati 26, habari ya mtu anayeleta malimbuko ndani ya kikapu. Nilikaa zaidi kwenye mstari wa 11, kwa sababu huwa tunaukimbia: furaha ya mavuno ni ya mwenye shamba na nyumba yake, na ni ya Mlawi na mgeni pia. Msimu wa kahawa ulikuwa umeanza, na vibarua waliotoka mbali kuja kuchuma walikuwa wamesimama nje ya uzio wakisikiliza tarumbeta. Niliwataja.

Saa sita kasoro tukatoka nje kwa mnada. Wageni kutoka mjini huona mnada kama burudani, na furaha ipo kweli. Papai moja liliuzwa mara nne, kwa kuwa kila aliyelinunua alilirudisha liuzwe tena. Lakini kwa mkulima mnada ndiyo sadaka yenyewe. Hana fedha taslimu mpaka kahawa ilipwe; analeta alichonacho, na kinageuzwa fedha mbele ya macho ya wote, mhazini akiandika.

Tukafika kwa beberu. Bei ikapanda kutoka 150,000 mpaka 260,000, akalichukua bwana mmoja wa kwetu anayeishi mjini. Makofi, vigelegele. Akashika kamba, akasema, "Mama mwinjilisti, niandikie. Nitalipa mwisho wa mwezi."

Dalali akanitazama. Mhazini akanitazama. Kitabu cha mwaka uliopita kilikuwa na ahadi za namna hiyo ukurasa mzima, na jiko letu bado halina paa la maana. Nikamwambia, "Kaka, wazee wa kanisa walikubaliana kitu kisitoke uwanjani kabla hakijalipiwa." Akauliza kwa sauti kubwa mabati ya kanisa alitoa nani. Kweli alitoa, na tunamshukuru, nikamwambia hivyo mbele ya watu wote. Lakini kamba hakuiachia. Wazee wawili wakamvuta pembeni, wakarudi wameshindwa. Akajaribu kutuma kwa simu. Huku juu mtandao hafifu. Akaanza kuteremka barabarani kutafuta mtandao, akarudi njiani kuhakikisha mbuzi hauzwi tena, akateremka upya. Jua likatoka, watoto wakaanza kulia njaa, na dalali akakataa kuendelea na magunia mpaka jambo la mbuzi liishe. Miguu iliniuma kiasi kwamba nilitamani kukaa chini palepale kwenye nyasi. Kunyamaza kungekuwa rahisi. Lakini yule mama aliyeleta mayai alikuwa mstari wa mbele, anaangalia, na yake yalishalipiwa.

Desturi yetu ni mnada uishe ndipo tule. Siku hiyo niliamuru chakula kigawiwe. Nikaenda mwenyewe kwenye uzio kuwaita vibarua. Walikataa, wakadhani ni cha waumini, hadi mzee mmoja wa kanisa akatoka na ndoo ya maji ya kunawa, akawanawisha. Wakaingia. Walikuwa bado wanakula yule bwana aliporudi, ujumbe wa malipo ukasomwa, mhazini akagonga muhuri. Nilimpa sahani yangu. Aliipokea bila neno, akaketi karibu na vibarua, akala.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Magunia yakauzwa, tukapeleka mtori kwa bibi aliyevunjika nyonga, nikamsomea zaburi, tukarudi kuhesabu fedha kwa taa ya simu, mara ya kwanza, mara ya pili kwa kuwa hesabu hazikukutana. Wazee wakatia sahihi. Nilikuwa navua viatu simu ikaita: mzee wa jumuiya ya juu amefariki.

Nikavaa viatu. Kwa wafiwa tuliomba, tukaimba, tukapanga mazishi yawe Jumatano saa nane, nikampigia mchungaji. Viti na sufuria za kukodi vilikuwa virudishwe Jumatatu asubuhi. Nikawaambia vijana wasivirudishe. Wavipandishe huku usiku huohuo, pamoja na lile gunia la maharage ambalo halikupata mnunuzi.