Pumu ya ngozi (ekzema): nilivyoukata mzunguko wa kuwashwa na kujikuna

Kwa muda mrefu nilitegemea setirizini, kidonge cha mzio, ya miligramu 10 kila usiku, na bado niliamka nimejichubua. Dawa haikuwa feki. Setirizini huzuia histamini, ile inayomwasha mtu aliyeumwa na mbu au aliyevimba kwa mzio, na kwenye pumu ya ngozi histamini ina mchango mdogo. Wanaowasha zaidi ni wajumbe wengine wa mfumo wa kinga: intaleukini ya 4, ya 13 na ya 31. Ncha za neva za ngozi zina vipokezi vya wote watatu. Ya 31 huzichokoza moja kwa moja. Ya 4 na ya 13 huzifanya ziwe nyepesi kushtuka, hata jasho au mshono wa shati ukatosha kuwasha.

Neva nazo hujibu. Ukijikuna, huachia kemikali zinazopanua mishipa ya damu na kuzichochea seli za kinga zilizo jirani. Kucha nazo hubomoa tabaka la juu, na seli zilizojeruhiwa huita kinga zaidi. Ufa huo ndio mlango wa bakteria wa Staphylococcus aureus. Mwaka 2023 watafiti wa Harvard walionyesha, kwa kutumia panya, kwamba kimeng'enya cha bakteria hao huamsha neva za mwasho bila kusubiri kinga. Nilipolielewa hili niliacha kutafuta kidonge kimoja cha kumaliza kila kitu.

Nilianza na ukuta wa ngozi. Naoga maji ya uvuguvugu kwa dakika 5 hadi 10, sabuni isiyo na manukato naipaka makwapani, kinenani na miguuni tu. Najifuta kwa kugusisha taulo bila kusugua, kisha ndani ya dakika 3, ngozi ingali na unyevu, napaka mafuta ya mgando kuelekea vinyweleo vinakolala. Mtu mzima mwenye ugonjwa ulioenea huhitaji gramu 250 hadi 500 kwa wiki. Kikopo kidogo kikikaa miezi miwili, hupaki vya kutosha.

Mafuta hayazimi moto uliokwisha kuwaka. Hapo naingiza krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza kinga iliyochemka kwenye ngozi, aliyoniandikia daktari: haidrokotisoni ya asilimia 1 usoni, betamethasoni ya asilimia 0.1 mikononi na miguuni, mara moja kwa siku. Kipimo ni kidole: dawa iliyokamuliwa toka ncha ya kidole cha shahada hadi kiungo cha kwanza ni kama nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mkono mzima, bila kiganja, unataka vipimo 3. Kosa langu kubwa lilikuwa kuacha siku ya tatu mwasho ulipotulia. Chini ya ngozi kinga ilikuwa bado imechemka, na baada ya wiki yote yalirudi. Sasa naendelea mpaka kidole kikipita kisikie ulaini, kwa kawaida wiki 1 hadi 2. Kwa ngozi nyeusi usiongozwe na rangi: weusi unaobaki ni alama tu, hupungua kwa miezi. Tyubu zile zenye steroidi, dawa ya fangasi na antibiotiki kwa pamoja naziepuka kabisa; zinaficha ugonjwa.

Usiku mwasho huzidi kwa sababu mwili hupata joto na kotisoli, homoni ya mwili inayotuliza kinga, hushuka. Kitambaa kilicholowa maji baridi kwa dakika 10 hunituliza, kwani neva za baridi huukandamiza mwasho. Kisha napaka mafuta tena. Kucha nakata kila wiki.

Kama wengine nyumbani nao wanawashwa usiku, hasa katikati ya vidole, kapime upele wa vijidudu (skabisi) kwanza. Steroidi itaufunika tu. Na vikitokea vidonda vidogo vinavyofanana, vyenye vishimo, vinauma na homa ipo, ni dalili ya virusi vya hepesi (vya malengelenge). Nenda hospitali siku hiyohiyo.