Madirisha ya Muhumba

Boti ya kasi kutoka Goma hadi Bukavu ilinitoza dola 50, na kwa bei hiyo nililowa hadi kwenye soksi. Chumba nilichopata Ibanda kilikuwa na vigae vya kung'aa mpaka ukutani, lakini maji ya kuoga yaliletwa kwa ndoo. Kikao kilichonipeleka hakina habari.

Habari ni nyumba moja ya Muhumba, mtaa wa hapo hapo Bukavu. Ni ya zama za Wabelgiji, mji ulipokuwa bado unaitwa Costermansville: kona ya mviringo badala ya pembe kali, mistari ya saruji iliyozunguka ukuta, vidirisha vya duara kama vya meli, paa la bapa lililofichwa nyuma ya ukingo. Mtindo huo wanauita Ar-Deko. Nje, kwenye majani, yalilazwa madirisha mawili ya chuma yaliyokwisha kung'olewa, na kijana alikuwa anagonga la tatu kwa nyundo. Fremu za aluminiyamu zenye vioo vya buluu zilikuwa zimeegemezwa mlangoni.

"Papa, mnayatoa kwa nini?" nikamuuliza mwenye nyumba.

"Mwanangu, wewe unaona uzuri. Mie naona mvua inaingia ndani."

Nikainama nikayatazama. Kutu ilikuwa imekula upande wa chini tu, pale maji yanapotuama. Juu chuma kilikuwa kizima, na mastiki, ile gundi inayoshikilia vioo, imekauka na kupasuka. Kipande cha chini kinakatwa, kinachomelewa kingine, mastiki inawekwa upya. Tena unyevu mwingi ndani ulikuwa kwenye dari, mbali kabisa na dirisha. Kijana akapanda kuangalia: mfereji ulio nyuma ya ule ukingo ulikuwa umejaa majani na udongo, umeota hadi nyasi. Aluminiyamu ingezuia nini hapo?

Mzee akanionyesha pia ufa mrefu ukutani, wa tetemeko la Februari 2008. Nyumba ilistahimili lile, sasa inauawa na mfereji.

Labda nilikuwa mkali kwa sababu natoka Goma. Januari 2002 lava ya volkano ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu, na wengi tukajenga upya kwa mbao juu ya mawe yale yale meusi. Nyumba za zamani hatukuulizwa kama tunazitaka. Huku mtu anayo, imesimama, na analipa ili ifanane na duka la simu. Lakini nani atamlipia ukarabati? Hilo mzee aliniuliza, nikakosa jibu.

Nikampa namba ya shemeji yangu, mchomeleaji wa Kadutu. Jioni shemeji akanipigia akilalamika: mzee amekubali kutengenezewa madirisha ya mbele, ila anataka yale mawili yaliyong'olewa achomelewe bure, eti mimi ndiye niliyemshawishi.