Miwani nyeusi usiku? Kwa mabaunsa wa Arusha

Arusha tumezoea misafara. Makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapa, na marais wakikutana AICC, kituo cha mikutano ya kimataifa, tunawaona wale jamaa wa suti nyeusi, miwani nyeusi na kimrija sikioni. Wikiendi ikifika, baunsa wa harusi naye kavaa vilevile, ukumbini, saa nne usiku. Ameiga mavazi akaacha sababu zake.

Tuanze na miwani. Kazi yake kubwa ni kuficha macho. Mlinzi anaangalia zaidi mikono ya watu kuliko sura, maana mkono ndio unaochomoa silaha. Uso ukielekea kushoto huku macho yako kulia, mwenye nia mbaya hajui kama ameshaonwa. Halafu kuna jua lenyewe: msafara ukitoka uwanja wa ndege wa KIA alasiri unaelekea magharibi, na jua linakaa usoni hadi mjini. Anayekunja macho hamwoni anayekatiza barabara. Kioo cha polikaboneti, ambacho hakivunjiki ovyo, kinakinga pia vumbi, kokoto na kimiminika cha kurushiwa.

Ukinunua, tafuta maandishi UV400, yaani kioo kinazuia mionzi ya jua inayodhuru macho, na daraja la 3 la weusi, linalopitisha asilimia 8 hadi 18 ya mwanga. Daraja la 4 ni jeusi mno, halifai kuendeshea gari. Weusi wa kioo peke yake si kinga. Miwani nyeusi tii isiyozuia mionzi ni hatari zaidi, kwa sababu mboni inatanuka na kupokea mionzi mingi. Zile zinazoua mng'ao wa lami, yaani polaraizi, ni tamu barabarani, ila ukiinamisha simu kidogo skrini inaweza kuwa nyeusi kabisa. Jaribu na simu yako kabla hujalipa.

Ukitoka juani kuingia ukumbini, vua pale mlangoni. Macho yaliyokingwa nje huzoea giza upesi, na hiyo ni faida ambayo wengi hawaifikirii. Ukiendelea kuivaa ndani, umeitupa.

Kimrija cha sikioni kinachojisokota hakina waya ndani. Spika ndogo iko chini karibu na kola, sauti inapanda kwa hewa. Ule msokoto unanyumbuka kichwa kikigeuka, kisichomoke. Kasoro yake ni nta na jasho: sauti inafifia, mtu anaongeza volyumu ya redio kol, sikio linaumia, na tatizo bado lipo. Chomoa mrija kwenye spika, uoshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, upulize, uache ukauke usiku kucha. Tone moja la maji likibaki ndani, husikii kitu. Spika usiiloweshe kamwe. Mrija ukishakuwa wa njano na mgumu, badilisha.

Suti ina mambo yake. Koti huachwa wazi na hushonwa pana kidogo, ili mkono ufike kiunoni bila kupambana na vifungo. Tai ni ya klipu: mtu akiivuta, inabaki mkononi mwake, shingo iko salama. Viatu ni vya soli ya mpira, kwani ngozi inateleza kwenye vigae vya hoteli. Fulana ya kuzuia risasi inayovaliwa chini ya shati, ile ya daraja la IIIA, inasimamisha risasi za bastola; ya AK-47 inapita. Na mikono inakaa mitupu mbele ya tumbo. Bodigadi anayembebea bosi mkoba na miavuli huyo ni mpagazi.

Kwa baunsa wa usiku, basi, miwani iache nyumbani. Chukua tochi ndogo yenye mwanga mkali, betri ya akiba ya redio, na simama mahali unapoona mlango na mikono ya wanaoingia.