Sarafu za makaisari wanyakuzi: anza na karakana, jina baadaye

Sarafu ya shaba ya Procopius, mnyakuzi (yaani aliyejitangaza kaisari wa Roma bila haki), ikichakaa hufanana sana na ya Valens, kaisari halali. Mtu husoma herufi mbili tatu, zilizobaki hujazwa na tamaa, na sarafu ya kawaida inageuka adimu mkononi mwake. Ndiyo maana jina si mahali pa kuanzia. Anza na karakana iliyoigonga.

Mnyakuzi alishika eneo dogo kwa muda mfupi, kwa hiyo sarafu zake haziwezi kutoka popote tu. Nepotianus alitawala chini ya mwezi mmoja, Juni 350; sarafu zake ni za Roma peke yake. Vetranio (1 Machi hadi 25 Desemba 350) alikuwa na Siscia na Thessalonica. Procopius (Septemba 365 hadi Mei 366) aligonga Constantinople, Heraclea, Nicomedia na Cyzicus. Geuza sarafu, tazama herufi zilizo chini ya mstari upande wa nyuma. Ukikuta ANT, yaani Antiokia, habari ya Procopius imeishia hapo, hata muuzaji aape vipi.

Mtego mmoja: mji wa Arles, kule Gaul (Ufaransa ya leo), ulipewa jina la Constantina, na kuna vipindi ambavyo alama yake ni CON. Constantinople huandika CONS. Kutu ikila S ya mwisho, sarafu ya Constantinople inahamia Gaul. Herufi iliyotangulia husaidia: PCON, SCON na TCON ni za Arles.

Picha ya nyuma peke yake haithibitishi kitu. Yenye maandishi HOC SIGNO VICTOR ERIS, Kaisari akiwa na bendera huku Ushindi, mungu wa kike, akimvika taji, ndiyo sarafu maarufu ya Vetranio, lakini karakana yake iliigonga pia kwa jina la Constantius II, kaisari halali. Mnyakuzi Johannes (423–425; shaba zake ni za Roma) ni vilevile: SALVS REIPVBLICE yenye Ushindi akimburuta mateka ilitumiwa na makaisari halali pia. Kipande chenyewe ni kama milimita 11, na bila IOHANNES kusomeka hakuna cha kujadili.

Uso husaidia zaidi. Procopius kwenye shaba kwa kawaida hutazama kushoto na ana ndevu, wakati Valens na ndugu yake Valentinian I kwa kawaida hutazama kulia bila ndevu. Mnyakuzi Magnentius (350–353) huonyeshwa kichwa wazi, bila utepe wa kifalme, mara nyingi herufi A ikiwa nyuma ya kisogo. Yeye ndiye wa kuanzia, kwa kuwa sarafu zake ni nyingi. Ile kubwa yenye alama ya Kristo kati ya A na ω hupatikana pia kutoka Amiens (AMB), karakana aliyoifungua mwenyewe. Tahadhari na vipande vyepesi vyenye maandishi yaliyovurugika: hizo ni nakala zilizotengenezwa Gaul zama zilezile. Si bandia za leo, ila bei yake haipaswi kuwa ya sarafu rasmi.

Ugumu halisi uko kwa mnyakuzi Magnus Maximus na mwanawe Flavius Victor. Sarafu yao ina maandishi SPES ROMANORVM na lango la kambi lenye nyota juu, milimita 13 hivi; chapa ilikuwa pana kuliko kipande cha shaba, kwa hiyo nusu ya maandishi huangukia nje. Kushoto kwa kichwa tafuta FL VIC au MAG MA. Upande huo ukipotea, nenda kulia: TOR ni mwana, XIMVS ni baba. Ukibaki na PF AVG tu, cheo kinachofuata majina yote mawili, iite ya Maximus, ambaye ni wa kawaida zaidi, na ulipe hivyo.

Bandia ziko za namna mbili. Iliyosubiwa kwenye kalibu ina vitundu vidogo vya hewa, herufi zenye kingo laini, pengine mshono ukingoni. Iliyochongwa upya ni mbaya zaidi kwa sababu sarafu yenyewe ni ya kale: herufi za jina zimekaa kwenye shimo, chini ya uwanja unaozizunguka, na rangi ndani yake si ile ya pembeni. Mulika taa kwa ubavu, lenzi ya mara 10, utaona.

Kusafisha: loweka kwenye maji yaliyokenekwa, ubadilishe kila siku chache, kisha chokoa kwa kijiti cha mti chini ya lenzi. Siki na ndimu ziache jikoni. Kwenye shaba iliyoliwa na udongo, herufi mara nyingi zimebaki ndani ya ganda la kijani tu. Asidi ikiliondoa ganda, jina linaondoka nalo. Unga wa kijani mpauko unaorudi baada ya kufutwa ni ugonjwa wa shaba, unaotokana na kloridi na unyevu. Itenge sarafu hiyo, iloweke kwenye mchanganyiko wa asilimia 5 wa sodiamu seskikaboneti, ubadilishe kila wiki hadi unga ukome, ioshe kwa maji yaliyokenekwa, ikauke kabisa, uihifadhi na silika jeli, ifyonzayo unyevu. Mifuko ya plastiki ya PVC haifai: hutoa kemikali inayoacha utando wa kijani unaonata.