Gari la pauni 1,800: hesabu za kumiliki gari Uingereza

Gari langu la kwanza hapa Uingereza nililinunua kwa pauni 1,800. Lilikuwa hatchibaki la dizeli la mwaka 2012, na katika miezi saba niliyokaa nalo lilinila pauni nyingine 1,020 za matengenezo kabla sijaliuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu aliyenipa pauni 320. Kwa kazi yangu ya kuhudumia wazee majumbani, ambayo kwa siku hunipeleka nyumba tisa au kumi katika mji mmoja wa Yorkshire, kukaa bila gari ni sawa na kukaa bila kazi, kwa hiyo kila siku gari lilipolala gereji nilipoteza na posho ya siku hiyo. Ninaandika kwa ajili ya ndugu wanaofika sasa na kuulizana watafute gari gani la bei rahisi, swali ambalo mimi pia nililiuliza na nikajibiwa kwa bei ya kununulia tu.

Gari lenyewe lilikuwa safi kwa macho. Nililikagua kama nilivyozoea Dar es Salaam: nikafungua boneti, nikavuta kijiti cha oili, nikalala chini kutazama kama kuna mahali panapovuja, nikagonga bodi kwa vidole kusikiliza kama kuna sehemu iliyozibwa. Kwetu huo ndio ukaguzi unaowezekana, kwa kuwa gari likishapita mikono miwili mitatu habari zake hubaki kichwani mwa fundi wake. Huku habari za gari zimeandikwa na ziko wazi kwa kila mtu, na mimi nilizisoma wiki tatu baada ya kulipa.

Katika England, Scotland na Wales, gari likitimiza miaka 3 tangu lisajiliwe mara ya kwanza hulazimika kupita ukaguzi wa kila mwaka uitwao MOT, ambao kisheria hauruhusiwi kutozwa zaidi ya pauni 54.85 kwa gari dogo, na gereji nyingi hutoza chini ya hapo ili zikupate kwenye matengenezo. Matokeo huingizwa kwenye tovuti ya serikali, na mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kuyasoma bure: maili zilizosomwa siku ya ukaguzi, kasoro zilizoliangusha gari, na maoni ya mkaguzi kuhusu vitu ambavyo havijaharibika lakini vimeanza kuchoka. Hayo maoni ndiyo ya kusoma kwa makini kuliko yote. Katika kumbukumbu za gari langu yaliandikwa miaka mitatu mfululizo kwamba springi za mbele na mabomba ya breki yameanza kushika kutu, na hakuna aliyeyashughulikia; mwaka wa nne likawa langu, nami ndiye niliyelipa pauni 410. Zaidi ya hapo, maili zilionyesha kwamba mwenye gari wa awali alikuwa akitembea chini ya maili 2,000 kwa mwaka. Nilipoziona mara ya kwanza nilifurahi, nikijua nimepata gari ambalo halijachoshwa. Kwa dizeli, ile ilikuwa dalili mbaya.

Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni yana kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, na kichujio hicho hujisafisha chenyewe kwa kuyachoma masizi pale tu moshi unapopata joto kali kwa muda wa kutosha, jambo ambalo hutokea gari likikimbia barabara kuu bila kusimama. Mimi nilikuwa naendesha maili mbili, nasimama nusu saa kumwogesha mzee na kumpa dawa, naendesha maili moja na nusu, nasimama tena. Kichujio hakikupata joto hata siku moja. Taa ya rangi ya chungwa ikawaka kwenye dashibodi, injini ikapunguza nguvu yenyewe, nami nikapanda kilima kwa mwendo wa baiskeli huku nyuma yangu magari yamepanga foleni hadi kwenye mzunguko. Kukisafisha mara mbili kulinigharimu pauni 330, kihisi chake pauni 170, betri iliyokufa Desemba pauni 110. Fundi mmoja wa gereji bubu (nazo zipo huku, msidhani ni zetu tu) alinishauri tukikate kichujio tukitupe. Bahati nzuri nilisoma kwanza, nikakuta kwamba gari lililokuja na kichujio hicho kiwandani likikutwa halina, linaanguka MOT. Basi anayefanya safari fupi za mjini anunue la petroli, na atakayeishi London akumbuke kwamba tangu tarehe 29 Agosti 2023 eneo la ULEZ, linalotoza magari yenye moshi mchafu, limeenea mitaa yote ya jiji, na kwamba dizeli nyingi zilizosajiliwa kabla ya Septemba 2015 hulipa pauni 12.50 kwa kila siku zinapotembea humo.

Kilichonishangaza zaidi ni namna bei za ufundi zilivyo kinyume na za nyumbani. Dar es Salaam kilio chetu ni vipuri. Fundi mwenyewe utampa kidogo na soda, na atashinda juani na gari lako siku nzima. Huku breki pedi za gari dogo unaweza kuzipata kwa pauni 25, lakini gereji niendako hutoza pauni 65 kwa saa, na juu yake kuna VAT ya asilimia 20. Kipuri cha pauni 12 kilichojificha nyuma ya injini kinaweza kudai saa nne za kazi. Kwa sababu hiyo gari lenye kasoro ndogo nyingi, ambalo nyumbani tungelinunua kwa furaha tukijua fundi atalimaliza taratibu, huku ni shimo. Nilipotafuta gari la pili nilianza na kumbukumbu zake za MOT, nikaendelea na stakabadhi za sevisi, na rangi nikaitazama mwisho. Nilichukua Toyota Yaris ya mwaka 2013 yenye injini ya petroli ya lita moja, ambayo ni ile ile Vitz tunayoijua, kwa pauni 3,900. Injini yake hutumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na hilo lilikuwa muhimu, kwa kuwa mkanda ukipita muda wake bila kubadilishwa unaweza kukatika na kuiua injini nzima, na kuubadilisha pamoja na pampu ya maji ni mamia ya pauni.

Hili la pili nililinunua dukani kwa makusudi. Ukinunua kwa mfanyabiashara, sheria ya haki za mlaji ya mwaka 2015 inakupa siku 30 za kulirudisha gari lenye kasoro na kudai fedha zako zote, na kasoro ikijitokeza ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa ilikuwepo tangu mwanzo hadi muuzaji athibitishe vinginevyo. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga yako ni ndogo sana alimradi hakukudanganya kwa maneno aliyoyatangaza, na aliyeniuzia dizeli hakunidanganya hata neno, kwa sababu sikumuuliza. Kadi ya gari, ambayo huku huitwa V5C, humtaja mtunza gari aliyesajiliwa na yenyewe imeandikwa kwamba si uthibitisho wa umiliki. Kwa hiyo inafaa kulipa ada ndogo ya kukaguliwa kama gari lina deni la mkopo, au kama lilishapata ajali bima ikaliandika katika daraja S, maana yake muundo uliumia, au N, ambapo muundo haukuguswa.

Kodi ya barabara haiuzwi pamoja na gari. Tangu Oktoba 2014 muuzaji hurudishiwa miezi kamili iliyobaki, na mnunuzi hulipa upya kabla hajaliondoa gari, akihesabiwa mwezi mzima hata kama umebaki siku mbili. Sisi Watanzania ambao ada ya mwaka ya magari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta tunasahau jambo hili kirahisi. Viwango navyo vina maajabu yake: gari lililosajiliwa kati ya Machi 2001 na Machi 2017 hutozwa kwa kipimo cha hewa ukaa, hivyo dogo la petroli kama langu halifiki pauni 40 kwa mwaka, ilhali mengi yaliyosajiliwa kuanzia Aprili 2017 yalitakiwa kulipa pauni 195 katika mwaka wa fedha ulioanza Aprili 2025.

Bima ndiyo inayowaumiza wageni. Leseni ya Tanzania au ya Kenya hukuruhusu kuendesha kwa miezi 12 tangu uwe mkazi, kisha inakubidi ufanye mitihani ya hapa, kwa kuwa haibadilishwi moja kwa moja. Na katika miezi hiyo kampuni nyingi za bima hukuona kama mtu aliyezaliwa jana, hata kama umeendesha basi la Arusha miaka kumi. Mwaka wa kwanza nililipa pauni 1,340. Nilijaribu kuchukua bima ndogo nikidhani nitaokoa, nikakuta imezidi bima kubwa kwa pauni 90, na nilipouliza nikaambiwa kwamba wanaochagua bima ndogo huleta madai mengi. Kulipa kwa mwezi kunaongeza riba, na kusubiri hadi siku ya mwisho kunapandisha bei. Mimi hutafuta wiki tatu kabla.

Lakini kwa wenzangu wa kazi za majumbani, la hatari ni aina ya matumizi. Bima ya kawaida hufunika shughuli binafsi na safari ya kwenda sehemu moja ya kazi ya kudumu. Kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine ni matumizi ya biashara, na asiyeyatamka anaweza kuhesabiwa kuwa hana bima kabisa siku atakapogongana na mtu. Kuendesha bila bima ni alama 6 za makosa kwenye leseni, na anayepata alama 6 ndani ya miaka miwili tangu afaulu mtihani wake wa kwanza hufutiwa leseni, aanze upya na kile kibao cha L. Kuongeza matumizi ya biashara kulinigharimu pauni 38.

Alama hizo hizo hutolewa pia kwa matairi yaliyoisha. Kashata za tairi zenye kina kisichopungua milimita 1.6 ndizo zinazokubalika, na kila tairi lililo chini ya hapo ni alama 3 na faini inayoweza kufika pauni 2,500, kwa hiyo matairi mawili yaliyoisha yanamfukuza barabarani dereva mpya. Kipimo nilifundishwa na mzee mmoja wa Tanga anayeishi huku miaka mingi. Alichomoa sarafu ya peni 20 mfukoni, akaisimamisha ndani ya mfereji wa tairi langu la mbele, akaniambia, "Mwanangu, unauona huu ukingo wa nje wa sarafu? Ukiuona, tairi limekwisha." Niliuona wote. Kisha akanionyesha ubavuni tarakimu nne, 3214, akanieleza kwamba tairi lilitengenezwa wiki ya 32 ya mwaka 2014. Mpira ulikuwa umezeeka hata kabla ya kuisha.

Baridi ina masharti yake. Tabia ya kujaza maji ya bomba kwenye rejeta iachwe uwanja wa ndege, kwa kuwa maji matupu yakiganda hutanuka na yanaweza kupasua bloku ya injini. Weka kipoezi kisichoganda, kikichanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyokenekwa (distilled), na hata maji ya kuoshea kioo yawe ya majira ya baridi. Barafu ya kioo ikwanguliwe kwa kikwanguo, isimwagiwe maji ya moto, kwani kioo hupasuka. Wala usiliache gari likiunguruma nje na ufunguo ndani yake huku wewe unakunywa chai: wezi wanajua saa hiyo, na bima nyingi hazilipi. Chumvi inayomwagwa barabarani ndiyo iliyokuwa ikila yale mabomba yangu ya breki, na sasa, kuanzia Januari hadi Machi, kila baada ya wiki mbili hulipa pauni 6 lioshwe chini kwa maji ya presha.

Mwaka uliopita niliandika kila kitu katika daftari. Kwa maili 9,000: petroli pauni 1,146, bima 780, matengenezo 240, sevisi 170, matairi mawili 130, uanachama wa msaada wa barabarani 60, MOT 40, kodi 35. Jumla ni pauni 2,601, na nikiongeza pauni 400 ambazo thamani ya gari ilipungua, kila maili ilinigharimu peni 33. Mwajiri alikuwa akinilipa peni 25 kwa maili ya kazini, kwa hiyo nilikuwa ninamwazima gari kwa hasara bila kujua. Hapo ndipo nilipoelezwa kuhusu nafuu ya kodi: kwa mwaka huo mamlaka ya mapato, HMRC, ilitambua peni 45 kwa maili 10,000 za kwanza, na mwajiri akilipa pungufu, tofauti hiyo huondolewa kwenye kipato kinachotozwa kodi. Maili zangu za kazini zilikuwa 5,000, tofauti peni 20, yaani pauni 1,000, na kwa kodi ya asilimia 20 nikarudishiwa pauni 200. Unaweza kudai hadi miaka minne ya nyuma, ila maili za kutoka nyumbani kwenda kwa mteja wa kwanza kwa kawaida hazihesabiwi, na lazima uwe na kumbukumbu za tarehe, mahali na umbali. Za mwaka wa dizeli sikuwa nazo. Siku hizi daftari linakaa kwenye mfuko wa mlango wa dereva pamoja na kalamu ya risasi, kwa sababu kalamu ya wino huganda Januari.