Nilivyoandika historia ya kikundi chetu cha miti bila kumuuliza mtu mwaka

Mtu mmoja mwenye shahada zake aliniambia kazi ile ni ya wikendi moja tu. "Ingia mtandaoni, chukua ile habari ya 1977 ya Profesa Wangari Maathai, bandika jina la kikundi chenu juu, umemaliza." Nilikasirika, na hasira hiyo ilinibeba miezi minane.

Habari ya Green Belt Movement, shirika la kupanda miti alilolianzisha Profesa huyo, inajulikana, na ni nzuri. Tarehe 5 Juni 1977, Siku ya Mazingira Duniani, msafara ulitoka jumba la mikutano la KICC hadi Kamukunji, Nairobi, ikapandwa miti saba kwa heshima ya mashujaa saba. Lakini marehemu mama yangu hakuwa Kamukunji. Yeye na wenzake kazi yao ilikuwa huku Nyeri, chini ya milima ya Aberdare, wakichota maji mtoni kumwagilia miche iliyooteshwa kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia. Habari yao haikuandikwa popote, na ndiyo niliyoitaka.

Nilianza vibaya. Niliwaita akina mama kumi na wawili waliobaki, tukakutana ukumbi wa kanisa, nikaweka simu katikati ya meza inarekodi, nikauliza: kikundi kilianza mwaka gani? Mmoja akasema 1977. Mwingine akasema 1980. Wa tatu akasema hapana, yeye alikuwa na mimba ya kifungua mimba wake, na hapo wakaanza kuhesabu watoto wa kijiji kizima. Wawili walibishana nani alikuwa katibu wa kwanza mpaka wakanuniana. Kisha mvua ikashuka juu ya mabati. Nilipofungulia rekodi nyumbani nilisikia saa mbili za mvua, hakuna neno hata moja. Ukitaka kurekodi wazee, kaa nao nje, mbali na mabati.

Aliyeniokoa ni cucu (bibi) mmoja, mweka hazina wa zamani. Siku hiyo nilimsindikiza, na njiani alisimama chini ya muringa mkubwa, akaupiga kiganja kwenye shina. "Huu ni wangu. Niliupanda wakati tunakula ugali wa manjano."

Nilisimama pale pale. Ugali wa manjano ni ile njaa ya 1984, yalipoletwa mahindi ya manjano kutoka ng'ambo, na hakuna nyumba huku iliyoisahau rangi ile. Mwaka hakuujua, lakini mti wake aliujua, na alichokuwa akila alipoupanda alikijua.

Tangu hapo sikumuuliza mtu mwaka tena. Nilisema tu, "Cucu, nionyeshe mti wako." Tukatembea shamba kwa shamba, mteremko kwa mteremko, na chini ya kila mti habari ikajitokeza yenyewe. Huu ulipandwa baada ya mvua za El Niño kubomoa ukingo. Ule ulipandwa mwaka 2004, na huo hauna ubishi, kwa kuwa wote wanakumbuka kwamba Profesa alipata habari ya Tuzo ya Nobeli akiwa huku huku Nyeri, na akapanda mti wa Nandi flame hotelini alikosimama. Safu ya mikindũri karibu na zahanati ni ya 2011, alipofariki na kuagwa akiwa kwenye jeneza la mafunjo, mianzi na magugu maji, kwani hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake.

Lakini kumbukumbu peke yake haikunitosha. Nilijua shirika lilikuwa likiwalipa akina mama senti chache kwa kila mche uliopona, si kwa kila uliopandwa. Basi lazima kuna mtu aliyehesabu, na penye hela pana daftari. Nilikwenda kwa mweka hazina mara tatu na sukari na majani ya chai kabla hajavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda. (Gharama zote, pikipiki na sukari, labda elfu tatu au nne.) Lilikuwa daftari la shule, pembe zimeliwa na mchwa, kurasa zinanuka moshi. Jina, iliyopandwa, iliyokufa, iliyopona, na dole gumba la wino wa zambarau. Kando ya iliyokufa, sababu: mbuzi, jua, mbuzi, mafuriko, mbuzi. Sikuliondoa nyumbani kwake. Nilikaa mlangoni penye mwanga nikapiga picha ukurasa kwa ukurasa.

Ukurasa wa kwanza ni wa Septemba 1985. Kuna waliotaka niandike 1977 ili tupendeze. Nilikataa. Walianza baada ya njaa, kwa sababu ya njaa, na mimi naona hiyo ni heshima kubwa zaidi.

Kisha nikafika mwisho wa 1989, na majina yakatoweka. Zikabaki alama: jembe, vitone vitatu, mstari uliokatwa, kitu kama sikio. Ule ndio mwaka Profesa alipopinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, shirika likafukuzwa ofisini likahamia nyumbani kwake South C. Huku kijijini mkutano wa watu zaidi ya tisa ulihitaji kibali, na chifu wa wakati huo alitaka orodha. Akina mama hawakuacha kupanda. Waliacha kuandika majina.

Nilinunua manila, nikakata kadi, nikachora kila alama kubwa, nikazitandaza nyasini chini ya ule muringa. Nikawaita mmoja mmoja, kwa sababu wakiwa pamoja mmoja humjibia mwenzake. Sikuamini. Baada ya miaka thelathini na zaidi, kila mmoja aliinama akaokota yake bila kusita. Mwenye sikio alicheka mpaka akafuta machozi. "Sikio gani? Hili ni haragwe. Nilikuwa nauza maharagwe sokoni."

Kadi tatu zilibaki nyasini. Mbili hakuna aliyezitambua kwa uhakika, na kwenye kitabu nimeziacha zilivyo, alama bila jina. Ya tatu ilikuwa duara lenye kitone ndani. Mweka hazina aliiokota akaniwekea mkononi.

"Hii ni ya mama yako. Alisema ni kisima."

Karibu na kisima kile, ukurasa wa 1990, kumeandikwa: iliyopandwa 40, iliyopona 31, kando ya kijito. Nimeokota kuni chini ya miti hiyo utoto wangu wote bila kujua ni ya nani. Wiki iliyopita nilishuka na picha ya ukurasa huo nikaihesabu miti. Imebaki kumi na tisa.